Gololi ya Milimita Sita

Nilikuwa mchoraji wa kitufe.
Usicheke. Kitufe kimoja, chekundu, chini ya skrini;
Hangzhou nzima ilikibonyeza jioni
ikaletewa mchicha, tofu, kamba wangali wakirusha mikia.
Tulibishana wiki tatu juu ya wekundu wake:
wa damu, au wa pilipili?
Kwa ubishi huo nililipwa kwa mwezi
anacholipwa baba yangu kwa mwaka.

Kisha ikaja Jumatatu ya masanduku.
Wenye fedha walikuwa wamehamisha macho.
Serikali inataka vyuma, wakasema, nao hawakututazama:
vyuma, lenzi, mashine za kuzaa mashine.
Si vitufe.
Nikabeba kikombe changu na mmea wa chungu
nikapanda treni kurudi Wuxi.

Baba yangu, Gu Tingshan, husaga gololi.
Miaka thelathini na mmoja.
Sikupata kumuuliza kwa nini; mvua haiulizwi.
Ila usiku ule nilikuwa na hasira:
"Taifa zima litakula chuma?"

Hakujibu. Alinipeleka nyuma ya karakana
akafunua turubai.
Mashine ya kijani, ya kigeni,
kama farasi aliyekufa amesimama.
"Gololi zake zilitoka ng'ambo.
Zilipokwisha tukaandika barua.
Wakajibu kwa adabu kabisa: hatuwauzii tena.
Mistari miwili. Ya kwanza ilikuwa salamu.
Miezi kumi na mmoja watu mia mbili
walikuja kazini kufagia."

Nilidhani atasema jambo kuhusu bendera.
Akapenga kamasi, akarudisha turubai.

Tangu hapo ninapima, nami si mtu wa kupima.
Kitufe changu kikifa usiku,
kutapambazuka vijana kumi wana cha kijani, cha buluu,
na mchicha utafika.
Gololi haiji kwa pupa.
Inakaa katika ukucha wa mzee
unaohisi kosa jembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara mia,
na ukucha huo ulifundishwa na ukucha
uliokwisha kuzikwa.
Ukikatika uzi huo, hakuna namba ya kupiga.
Nguo ya kuazima haisitiri,
na mwenyewe huidai siku ya baridi.

Hata hivyo sitakitukana kitufe changu.
Mwaka wa mafuriko, bibi, ghorofa ya kumi na saba, lifti imezima,
alikibonyeza kwa kidole kinachotetemeka,
na kijana asiyemjua akapanda ngazi zote gizani
mfuko wa dawa ameuuma kwa meno.
Wapanga mipango mikubwa hawakuwapo kwenye ngazi zile.
Hilo nalo liandikwe.

Jana, zamu ya usiku, njaa ikanibana.
Nikabonyeza kitufe cha waliokuwa wapinzani wetu
(wekundu wa nyanya; wamekosea).
Supu ya tambi, bakuli mbili.

Baba aliinua kichwa kabla simu haijalia.
Barabarani pikipiki ya umeme ilikuwa ikija, kwi, kwi, kwi.
"Gurudumu la nyuma," akasema. "Beringi imekwisha."

Kijana alibakiwa na dakika nne kabla ya faini ya oda inayofuata.
Baba akamkalisha juu ya ndoo,
akailaza pikipiki ubavu,
akapekua sanduku la viatu analoweka zilizokataliwa na wakaguzi,
zile zilizokosea kwa kisichoonekana.
"Kwa mtambo, hapana," akanung'unika. "Kwa tambi, zatosha."

Kijana alikodolea simu yake.
Namba zilishuka, nyekundu, moja moja.
Nawajua wanaochora namba zile. Nimekula nao.

Supu ikapoa kwenye benchi, ikaota utando wa mafuta.
Baba akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja,
akainamisha sikio,
nasi sote watatu tukasikiliza
kitu ambacho hakikulia.